Tairi Lisiloinama

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu, halikutiwa chumvi wala pilipili. Mwenye shaka apande basi aje Bariadi, aulize nyuma ya uwanja wa mnada anafanyia wapi kazi fundi Mihayo Masunga, na ayasikie mwenyewe. Akikuta uongo hata wa ukubwa wa punje ya mtama, mwandishi wa makala haya atamtoa beberu wake mweupe mwenye pembe moja, achinjwe, na mwenye shaka achague kipande.

Basi.

Saa moja asubuhi. Fundi Mihayo amepiga magoti ukingoni mwa shimo nyuma ya kibanda chake, anateka maji ya mvua ya jana kwa kopo la rangi. Shimo ni la mviringo, kina chake kinamfika mtu kiunoni, na kuta zake zimejengewa matofali ya kuchoma. Likiwa kazini hufunikwa wavu wa nondo nene, na juu ya wavu hupangwa mawe. Vijana wa kijiwe cha bodaboda jirani wanaliita kaburi.

"Leo anazikwa nani, fundi?" anauliza Shigela, dereva wa bodaboda ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Bado hajapatikana," Mihayo anajibu bila kugeuka. "Ukiendelea kukaa hapo, tutakupima wewe."

Ni mtu mfupi, mpana wa mabega, ana miaka hamsini na minne. Sikio lake la kushoto halisikii kitu. Mkono wake wa kushoto umebakiwa na gumba na kidole cha shahada. Vile vingine vitatu viliondoka siku moja na sikio. Anayemjua hupita kulia kwake ndipo amsalimu. Asiyemjua husimama kushoto, akasema mwangaluka mpaka akachoka, kisha akaenda zake akitangaza mjini kwamba fundi yule ana maringo.

Mafundi tairi wengine wa Bariadi huziba pancha. Mihayo naye huziba, maana mtu lazima ale, lakini kazi iliyompa jina ni nyingine. Huchukua tairi la gari dogo akalivika kwenye ringi ya nyuma ya pikipiki kubwa. Si hizi za bodaboda. Ni yale majitu ya silinda mbili, mazito kama fahali, yenye kiti kipana kama kochi, ambayo dereva wake hukaa amenyoosha miguu mbele kama mtu aliyekwisha kula.

Mkoani Simiyu yako machache. Mengine yaliachwa na wahandisi wa kigeni waliokuja kujenga barabara, mengine yalipigwa mnada miradi ilipofungwa. Matairi yake halisi huagizwa mbali, na yakifika huliwa na mawe ya barabara zetu kabla msimu haujageuka. Tairi la Noah lililotumika lipo kila duka. Ngozi yake ni ngumu, linabeba uzito, na ringi ni ileile ya inchi kumi na tano.

"Nilipima kwa kamba nikaona vinalingana," anasema Mihayo. "Kumbe kulingana si kukubaliana."

Ubishi wote uko mdomoni. Mdomo wa tairi la gari umetengenezwa ukae kwenye ringi ya gari. Ringi ya pikipiki kwa ndani ina tuta la namna yake, na mdomo ule ukifika hapo unagoma. Unajaza upepo, unagoma. Unaongeza, unagoma. Unapita kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na hapo ndipo mdomo unaporuka tuta na kukaa: pa! Huo ni upande mmoja. Kisha wa pili: pa! Ukisikia mlio wa pili unafunga upepo papo hapo. Usipousikia ukaendelea kujaza, tairi linapasuka, na chochote kilicho mbele yake huondoka nalo.

Siku ile ya vidole, gari la matangazo lilikuwa linapita barabarani na spika yake likitangaza mnada wa ng'ombe. Mihayo alisikia mlio wa kwanza. Wa pili ulizama ndani ya spika.

"Niliamka nikiwa chini ya ukuta wa jirani," anasema. "Milembe amesimama juu yangu, mdomo wake unatembea, sauti hakuna. Nikadhani ananicheka."

Milembe ni mkewe, mwanamke mrefu anayekaa mlangoni mwa kibanda akichambua mchele. Anatingisha kichwa.

"Nilikuwa namwambia asifumbue mkono. Halafu nikaenda kutafuta vidole kwenye mchanga. Viwili niliviona. Cha tatu kuku alikwisha kwenda nacho."

Anaendelea kuchambua mchele.

Baada ya hapo ndipo Mihayo alipochimba shimo. Gurudumu linalala chini ya wavu na mawe, mpira wa upepo unapita tundu la ukutani, na yeye anajibanza nyuma ya ukuta, sikio la kulia limegandamizwa kwenye matofali. Kompresa inajaza tangi kwanza, kisha inazimwa ili isipige kelele. Milembe anashika koki ya tangi, mbali, upande wa pili wa kibanda, anautazama mkono wa mumewe. Mkono ukipanda, anafunga.

"Alitaka nikae naye ukutani," anasema Milembe. "Nikamwambia hapana. Likipasuka, mmoja abaki wa kulea."

Na mkono ukiwa bado haujapanda, hakuna ruhusa ya kusema. Mteja hasemi, mpita njia hasemi, Shigela hasemi, na hilo pekee, watu wa mtaa wanasema, linatosha kumfanya Mihayo apewe cheo serikalini.

Kwa tairi moja huchukua shilingi elfu arobaini. Mwezi ukiwa mzuri huvika matatu. Mwezi mwingine unapita bila hata moja, anaziba baiskeli za watoto wa shule.

Wateja wengine huwafukuza mwenyewe. Tairi la pikipiki limeviringana kama yai, dereva akiinama kwenye kona nalo linainama. La gari ni bapa kama kitako cha sufuria. Haliinami. Ukiingia nalo konani kwa kasi linataka kusimama wima, na wewe ukitaka kulala, mnagombana katikati ya barabara. Kijana anayetafuta sifa akija na jitu lake, Mihayo humpa maji ya kunywa na kumwambia arudi akishaoa.

Mteja asiyemfukuza ni Nassib.

Nassib ni mtu wa Tanga. Alikuja Bariadi kama dereva wa kampuni ya barabara, barabara ikaisha, kampuni ikaondoka, yeye akabaki na pikipiki ya bosi. Watu waliibatiza Nzagamba, yaani dume la ng'ombe, na kwa haki kabisa: ikiwashwa Ngulyati, ng'ombe wa Nkololo huacha malisho na kuitikia, wakidhani wameitwa na mume. Ubavuni Nassib aliichomelea kitanda cha chuma chenye gurudumu lake. Juu ya kitanda hicho hubeba majeneza.

Ndiyo kazi yake. Mtu akifia hospitali mjini na kwao ni mbali, na ndugu hawana uwezo wa kukodi gari, au gari lipo na dereva hataki maiti, au mvua imenyesha na udongo mweusi wa mbugani umegeuka gundi, huitwa Nassib. Nzagamba hupita. Kwa kuwa ina magurudumu matatu haihitaji kuinama konani, na tairi la Noah limeikaa kama lilizaliwa nayo.

"Abiria wangu hawalalamiki kona," Nassib hupenda kusema, kwa Kiswahili chake laini cha pwani. Asubuhi hii hasemi.

Anatokea upande wa hospitali, anatembea, anaisukuma Nzagamba pamoja na vijana wawili aliowaokota njiani. Tairi la nyuma limechanika ubavu, limekaa chini kama kitambaa. Kitandani kuna jeneza. Kando ya jeneza anatembea mwanamke wa makamo, kiganja chake kiko juu ya ubao, upande wa kichwa.

"Fundi wangu," anasema Nassib, akipita kulia, "limetufia hapo darajani. Tunakwenda Mwandoya."

Mihayo anasimama. Anafuta mikono kwenye suruali. Anamsalimu mwanamke kwanza.

"Pole, mayu, pole mama."

"Nimeshapoa, baba," anajibu, kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa ukutani.

Anaitwa Esteria. Ndani ya jeneza yumo mwanawe Yakobo, kijana wa miaka kumi na tisa, figo zilimgomea. Nyumbani Mwandoya yuko mumewe, mzee Maduhu, aliyelala kitandani tangu kiharusi kimpige, na juzi ndugu walipompelekea habari ya mtoto alisema jambo moja tu. Hakuuliza kaburi litachimbwa wapi. Alisema nileteeni nimshike uso. Tangu hapo hajala.

"Wananipigia simu kila mara," anasema Esteria. "Wanasema anapungua. Baba, tutafika?"

Mihayo anatazama upande wa Meatu, iliko Mwandoya, ambako mawingu yamekaa chini, meusi. Mvua ikiwatangulia, makorongo yatajaa, na hata Nzagamba haiogelei. Kisha anatazama ubavu wa tairi uliochanika, na rundo la matairi nyuma ya kibanda.

"Shigela," anaita. "Wewe na wenzako. Jeki haitoshi. Njooni mshike kitanda kisiegemee."

Shigela ambaye dakika chache zilizopita alikuwa anauliza nani anazikwa, anakuja kimya na madereva watatu. Wanaweka mabega chini ya chuma. Jeki inapanda, gurudumu linaachia ardhi, na jeneza linabaki sawasawa. Esteria haondoi kiganja chake.

Mihayo anafanya kazi kwa haraka isiyo na papara. Anafungua ringi. Anabandua tairi bovu kwa vyuma viwili, kimoja amekibana chini ya goti mahali pa vile vidole. Kwenye rundo anagonga tairi moja, analiacha. Anagonga la pili, analipitishia kiganja ndani kama anayemtafutia mtoto mwiba. Hilo ndilo. Anapaka maji ya sabuni, analisukumia kwenye ringi, anateremka nalo shimoni, anapanda, anavuta wavu, anapanga mawe.

Kufikia hapo kibanda kimekwisha zungukwa. Jeneza likisimama mahali, wanawake huja. Hakuna anayeuliza ni la nani. Wametoka sokoni na vitenge viunoni, wengine wameacha nyanya zao juani, na wameanza kulia. Wanamlilia kijana wasiyemjua kwa kilio kilekile ambacho wangewalilia wa kwao. Esteria, aliyekuwa amekauka tangu hospitali, sasa naye analia, kwa sauti, kichwa amekilaza juu ya ubao.

Mihayo anabandika sikio ukutani. Milembe anafungua koki.

Pa!

Mmoja. Mihayo anafumba macho. Kilio kinapanda, kinashuka, kinapanda. Anasogeza sikio. Uso wake umejaa jasho. Mkono unapanda, na Milembe anafunga.

"Umesikia wa pili?" anauliza Milembe kutoka upande wa pili.

"Sijui."

"Hujui ndiyo au hujui hapana?"

"Sijui, mama watoto. Toa upepo wote."

Upepo unatoka kwa mluzi mrefu, na pamoja nao unatoka muda. Nassib anatazama mawingu, anatazama shimo.

"Fundi wangu, na kama lilikwisha kaa?"

"Na kama halikukaa? Litaachia ringi ukiwa mbugani. Utamwachia huyu mama mtoto wake kwenye tope."

Mihayo anavua kofia. Anazunguka mpaka alipo Esteria, anachuchumaa ili nyuso zilingane.

"Mayu, nina ombi baya."

Esteria anainua kichwa.

"Naomba mnyamaze. Wote. Hata wewe. Asisemeshwe mtu, asipumue mtu kwa nguvu, mpaka uone mkono wangu umepanda."

"Mwanangu yuko hapa," anasema Esteria, "na unaniambia ninyamaze."

"Nakuambia. Nina sikio moja. Nikikosa sauti moja, hatafika kwa baba yake."

"Fundi gani huyu," mwanamke mmoja ananung'unika nyuma. "Anamkataza mfiwa machozi."

Esteria anamtazama Mihayo, anautazama ule mkono wa vidole viwili. Kisha anachukua ncha ya khanga yake, anaiingiza mdomoni, anaiuma. Anainua mkono juu, na kilio cha wanawake kinakatika.

Kompresa imejaza tena tangi, inazimwa. Bariadi haijawahi kuwa kimya hivyo. Kule barabarani Shigela, aliyewaachia wenzake kitanda, amesimama katikati ya njia, mikono ameitanua, anazuia bodaboda wenzake kwa macho tu. Sikio la Mihayo liko ukutani. Milembe anafungua.

Katikati ya ukimya huo simu inatetemeka kwenye fundo la khanga ya Esteria. Anaitoa. Anaiweka sikioni, khanga bado iko katikati ya meno. Anasikiliza. Hasemi neno. Anairudisha kwenye fundo, anakaza fundo, anarudisha kiganja chake juu ya jeneza. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, alidhani ni ndugu wa Mwandoya wanaouliza wamefika wapi.

Pa!

Mihayo amefumba macho. Jasho linamtiririka mpaka kidevuni, halifuti.

Pa!

Mkono unapanda kama uliopigwa na umeme. Milembe anakaza koki kwa mikono miwili.

"Limekaa," anasema Mihayo, na anakaa chini palepale ukutani.

Hakai sana. Ringi inarudi mahali pake, nati zinakazwa, na kama ilivyo desturi yake, kabla ya kuteremsha jeki anapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto katikati ya tairi na chuma cha fremu, kuzunguka duara zima. Kikipita bila kubanwa, tairi halitasugua. Kinapita.

Esteria anatoa khanga mdomoni. Imelowa.

"Wabeja, baba," anamshukuru taratibu, na anapanda nyuma ya Nassib. Wanawake wa sokoni wanaanza tena kulia, lakini yeye halii. Nzagamba inanguruma, inashika njia ya Meatu, na matone ya kwanza yanaanza kuanguka kwenye vumbi la uwanja wa mnada.

Walifika jua likiwa bado halijazama. Korongo la mwisho lilikuwa limeanza kujaa, Nzagamba ikalipita maji yakiwa usawa wa ekseli, tairi la Noah likauma chini kama jembe. Watu wa Mwandoya walilibeba jeneza wakaliingiza ndani, wakalifunua kando ya kitanda cha mzee Maduhu. Mzee alinyoosha ule mkono wake uliokuwa bado na nguvu, akaupapasa uso wa mwanawe, paji mpaka kidevu, akasema, "Wabeja, ng'wanawane, mwanangu, umekuja." Kisha akaomba uji.

Hapo ndipo makala haya yalipokuwa yaishie.

Kabla ya kwenda gazetini yalisomwa kwa sauti kibandani kwa Mihayo, ili kila mtu asikie kama jina lake limeandikwa sawa. Alikuwepo Mihayo, alikuwepo Milembe, alikuwepo Shigela na nusu ya kijiwe, na Nassib amekaa juu ya tairi. Na alikuwepo Esteria mwenyewe. Alikuwa amekuja mjini kununua chumvi na mafuta ya kuanulia matanga, akapita kumletea fundi kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikaa kulia kwa Mihayo, kibuyu mapajani.

Waliposomewa habari ya ng'ombe wa Nkololo walicheka. Waliposomewa habari ya cheo serikalini walicheka zaidi. Mwisho uliposomwa, Mihayo alitabasamu, na Milembe akamtazama, kwa sababu ni zamani hajaona meno hayo.

"Alimshika, basi," Mihayo alisema. "Mimi huyu Nassib aliniambia tulifika, hakuniambia zaidi. Nikasema moyoni, kama wamefika, amemshika."

Nassib alikuwa anachimba udongo kwa kidole cha mguu.

Esteria aliweka kibuyu chini.

"Hakumshika," alisema.

"Mzee," alimwambia mwandishi, bila hasira, "haya ya kupapasa uso umeyatoa wapi? Ulikuwepo?"

Mwandishi hakuwepo. Aliachwa palepale uwanja wa mnada kwenye manyunyu, na yaliyobaki aliyajaza mwenyewe, kama anavyojaza siku zote.

"Mume wangu hakusema wabeja. Hakuomba uji. Tulipofika alikuwa amekwisha funikwa shuka." Aligeuka kwa Mihayo. "Simu ile, baba. Mlipokuwa kimya. Ilikuwa shemeji yangu. Akasema, kaka ametutoka sasa hivi. Akauliza, unanisikia? Akauliza tena, unanisikia? Nikashindwa kumjibu. Ulisema asipumue mtu kwa nguvu."

"Ungelia, mayu," alisema Mihayo. "Ungelia tu."

"Ningelia, usingesikia. Yakobo angelala hapa. Na kule wamebaki wadogo zake na maiti moja ndani, wanamngoja kaka. Nikaona ya mume wangu yasubiri barabarani."

"Ukalilia barabarani?"

Nassib ndiye aliyejibu, bado anatazama chini. "Tangu tulipouacha mji. Nzagamba inanguruma hivyo unavyoijua, fundi wangu, na bado nilimsikia. Alinieleza tukiwa katikati ya mbuga. Nilikuficha kwa sababu nilijua utahesabu ule upepo wa kwanza uliotoa."

"Ningeuhesabu," alisema Mihayo.

"Usiuhesabu," alisema Esteria. "Hata usingeutoa, tungekuwa njiani bado. Nimeshazunguka na hesabu hiyo usiku mwingi, haina mlango. Niliwazika pamoja, baba na mwana, ubavu kwa ubavu. Udongo ulikuwa umelowa, ukachimbika."

Shigela akadakia, na safari hii hakuwa anatania.

"Namhala, mzee wetu, ya ng'ombe wa Nkololo tulikuachia. Ya cheo serikalini tulikuachia. Hii hapana. Beberu."

Mwandishi alijaribu kujitetea kwamba msomaji naye ni binadamu, amepitishwa kwenye majeneza tangu mwanzo, apewe mwishoni mahali pa kushika.

"Msomaji ashike wapi," Milembe aliuliza, "na huyu mama ameshika shuka?"

Esteria akaulizwa, kwa mujibu wa kiapo, achague kipande.

"Sichagui kipande," alisema. "Nampeleka mzima. Matanga tunaanua Jumamosi, na nyama hatukuwa nayo."

Mihayo hakuwa anasikiliza habari za beberu. Alikuwa amekwenda shimoni, amesimama ukingoni, mgongo amewapa watu. Aliporudi alisema jambo ambalo, mkewe anathibitisha, hajawahi kulisema kabla. Anataka kuliziba shimo. Anataka kizimba cha chuma, cha mabomba manene, na geji ya upepo iliyofungwa kwenye mpira mrefu, yenye sindano kubwa ambayo mtu anaiona kwa mbali, ikidondoka kidogo kila mdomo unapokaa. Fundi wa kuchomelea mtaa wa pili amekwisha ombwa aanze kutafuta mabomba chakavu ya kiwanda cha pamba, na Nassib ameahidi kuyabeba.

"Nifanye kazi kwa macho," alisema. "Sikio hili lililobaki nimelitumia vibaya. Nataka kizimba ambacho mtu anaweza kulia kando yake."

Jumamosi, saa moja asubuhi. Nzagamba imesimama mbele ya kibanda. Mihayo amepiga magoti, anapitisha kidole cha shahada kati ya tairi na fremu, anazunguka duara zima. Kinapita. Kwenye kitanda cha chuma, mahali pa majeneza, amefungwa beberu.

Shigela anamzunguka beberu mara mbili. Ni mweusi, amenunuliwa jana mnadani Nkololo, na jina la aliyemnunua halina haja ya kutajwa.

"Ulisema mweupe," anasema Shigela. "Na pembe naona mbili."

"Mwache mzee," anasema Mihayo. "Apande."

Maana Esteria ameweka sharti moja dogo: beberu hatasafiri peke yake, na aliyeyaandika ya Mwandoya bila kufika Mwandoya sasa atafika, ale nyama na ayaone makaburi mawili kwa macho yake. Nafasi nyuma ya Nassib ni ya Esteria. Iliyobaki ni ile ya kitandani. Mwandishi wa makala haya anapanda, anakaa pale ambapo hukaa kichwa, anamkumbatia beberu shingoni.

"Shika vizuri," Mihayo anamwonya, mkono wa vidole viwili ukigonga tairi. "Kwenye kona haliinami."

Nzagamba inanguruma. Beberu anaanza kulia kabla hawajauacha uwanja wa mnada, analia mji mzima unageuka kutazama, na hakuna hata mmoja anayemwambia anyamaze.